Pamba nguo ya mtoto, lakini usimhatarishe

NI desturi ya wakazi wengi wa Machakos, kama ilivyo kwingineko nchini, kwenda kumwona mzazi wakiwa na chochote mkononi. Mmoja atabeba unga wa uji, mwingine sabuni na sukari, na mwingine atapitia sokoni kununua shali. Lakini wako wanaoketi jioni na sindano, wakatarizi ua, ndege au jina la mtoto kwenye fulana ndogo nyeupe. Kwa maoni yangu, hao ndio wanaotoa zawadi bora, mradi tu wamfikirie atakayeivaa.

Kumpamba mtoto si jambo lililoletwa na maduka ya mjini. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini za Kiafrika kwamba miongoni mwa Wakamba mtoto hupewa jina siku ya tatu, na siku inayofuata baba humvisha mkufu. Na mikono iliyozoea kusuka vyondo na kutarizi vitambaa vya viti haiwezi kushindwa na fulana ya mtoto.

Tatizo huanza pale anayetarizi anapotaka kuwapendeza wageni, akamsahau mtoto. Hapo ndipo utaona shanga kifuani, vifungo vya rangi mikononi, vipande vya kumetameta na utepe shingoni.

Msomaji, mtoto wa miezi minne au mitano hutia mdomoni kila anachokishika. Shanga iliyoshikiliwa na uzi mmoja huweza kung'oka baada ya nguo kufuliwa mara chache tu, na njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba mno. Mtoto aliyesakamwa hana muda wa kungojea matatu impeleke hospitali.

Kamba na tepe za shingoni nazo ni hatari. Mwaka 1996, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo wa kutaka kamba ziondolewe kwenye kofia na shingo za jaketi za watoto. Hii ni kwa sababu kulikuwa na watoto waliokufa kwa kunyongwa baada ya kamba hizo kunaswa mahali. Iwapo unafuma kofia, usiiwekee kamba ya kufungia kidevuni.

Hatari nyingine hujificha ndani. Hebu igeuze nguo uliyoitarizi. Ukiona nyuzi ndefu zinazoruka kutoka ua moja hadi jingine, ujue kidole cha mtoto kinaweza kunaswa humo. Uzi ukikaza, damu huzuiwa na kidole huvimba, huku mtoto akilia na mama asijue analia nini. Soksi na glavu za watoto zikaguliwe vivyo hivyo.

Basi ufanyeje? Chagua kitambaa laini cha pamba na ukifue kabla ya kukitarizi. Tumia uzi usiochuja rangi, na pambo lako liwe la uzi peke yake. Hata macho ya ndege uyatarizi, usiweke shanga. Fupisha nyuzi za nyuma, kisha uzifunike kwa kipande chepesi cha pamba ili zisimkwaruze mtoto. Usitengeneze nguo ya mtoto wa siku moja. Watoto wengi huongeza uzito wao wa kuzaliwa maradufu wanapofikisha miezi mitano hivi, kwa hivyo nguo ya miezi sita itamfaa kwa muda mrefu. Tena mji wa Machakos uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na baridi ya Julai si ya mzaha. Nguo ya mikono mirefu itathaminiwa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Usiihifadhi nguo ya mtoto pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende, yaani naftalini. Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana sana katika sehemu zenye malaria. Wakivuta hewa ya naftalini au ikigusa ngozi yao, chembe nyekundu za damu huvunjika na macho yao hugeuka manjano. Umanjano huo ukizidi, huharibu ubongo. Mtoto mchanga mwenye macho ya manjano apelekwe hospitalini bila kukawia.

Wapo watakaosema kwamba nyanya zetu walivishwa shanga utotoni na hawakudhurika. Ni kweli, lakini tunaowasikia ni wale waliopona. Waliosakamwa hawakubaki kutusimulia.

Kwa hivyo, kabla ya kuifunga zawadi yako, vuta kila mshono kwa vidole vyako kwa nguvu zote. Kitakachong'oka mkononi mwako kingeng'oka mdomoni mwa mtoto. Kiondoe. Kisha ifue nguo, ianike, ipige pasi, na uende ukamwone mtoto. Mama atafurahi zaidi kwa nguo anayoweza kumvalisha mwanawe akalala bila wasiwasi, kuliko ile ya kuvutia ambayo italazimika kubaki kabatini.