Anayeogopa Jabali Aulizwe Kabla Hajapanda

Wapo watu wengi wanaoupanda mlima Kilimanjaro si kwa mchezo wala kwa kujifaharisha, bali kwa nadhiri, au kwa kumkumbuka marehemu, au kwa kumshukuru Mungu baada ya maradhi marefu, au, kila ukaribiapo mwezi wa Desemba, kwa kuadhimisha usiku ule wa mwaka 1961 ambao Luteni Alexander Nyirenda aliisimamisha bendera na mwenge wa nchi huru juu ya kilele. Na miongoni mwao mna watu wenye miguu ya afya na azma isiyo na doa ambao, walakini, wakifika ukingoni mwa korongo, viganja vyao hutoka jasho na magoti hukataa amri. Mimi ni mmoja wao, nami ni mzaliwa wa Masama, ambako makorongo hayakosekani na mtoto huyavuka akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

Rai yangu ni kwamba khofu hii haifai kufichwa na aliye nayo wala kudharauliwa na anayemwongoza, na kwamba yapasa iulizwe mapema, kwa uzito ule ule wa maswali ya pumu na shinikizo la damu.

Sababu yangu kubwa ni ukuta wa Barranco. Atokaye geti la Machame, lililo jirani yetu, hupita msituni, hutokea kwenye uwanda wa Shira, huzunguka Lava Tower penye mwinuko wa mita 4,600 hivi, kisha huteremka kambi ya Barranco; na asubuhi ya pili yake hukabiliwa na jabali la kimo cha mita zipatazo 250, ambalo halitaki kamba wala vyuma, ila lataka mikono, na penye sehemu moja njia hubana hata mpandaji hana budi kulikumbatia jiwe kifua kwa kifua, ilhali bonde li wazi mgongoni pake. Mtu aliyeficha khofu yake tangu getini huidhihirisha hapo, mbele ya msururu wa wanaongoja kupita, mahali ambapo kurudi nyuma ni kugumu kama kwenda mbele.

Wanaomwona hapo husema hana imani, au hana moyo, na husema hivyo kwa kutojua. Mwili husimama wima kwa msaada wa nyayo, wa macho, na wa kiungo cha mizani kilichomo ndani ya sikio. Basi kitu cha karibu kikikosekana mbele ya macho, macho hushindwa kuutambua ule mtikisiko mdogo wa mwili usiokoma, na mwili huyumba kabla akili haijasema neno. Ndiyo maana mwongozaji mwema humwambia mtu atazame jiwe lililo karibu na mkono wake, naye mwenyewe akasimama upande wa bonde. Na mwongozaji aliyeambiwa mapema huweza kupambanua fadhaa hiyo na ugonjwa wa mwinuko, ule wa kichwa kuuma na kutapika, ambao hautulizwi kwa maneno ya upole bali kwa kumteremsha mgonjwa bila ajizi.

Ama wale wadhanio kwamba taadhima ya mlima haitimii pasipo kuukanyaga, nawakumbusha wazee wetu. Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza, ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1924 kwamba Wachagga waliwazika wafu wao wakielekea Kibo, kilele kikuu cha mlima huu, na kwamba upande wa mji ulioelekea Kibo ndio uliokuwa wa heshima. Watu hao walitoa staha yao yote kwa kuelekea tu, wakiwa wamesimama kihambani, katika migomba yao. Na ndugu zetu Waislamu, wasimamapo Arafat siku ya tisa ya Mfunguo Tatu, hawakushurutishwa kukipanda kilima cha Jabal Rahma, wala kuliendea pango la Hira juu ya Jabal Nur si katika nguzo za hija. Na hija yenyewe imefaradhishwa kwa mwenye uwezo wa kuiendea njia. Ikiwa ibada kubwa kama hiyo imemhurumia asiyeweza, sisi tumepata wapi ukali huu?

Hata kwa atakaye kupanda, njia ya Marangu haina ukuta kama ule wa Barranco, na mtu hulala katika vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Lakini wapandaji wameibeza kwa kuipa jina la njia ya Coca-Cola, na kwa ajili ya jina hilo watu wenye khofu hujitia Machame wasije wakachekwa.

Wanaonisikitisha kupita wote ni wapagazi, wale tunaowaita wagumu, wanaoupita ukuta huo na mzigo wa kilo 20, wakiwemo vijana wetu wa Masama na Machame. Mgeni akiogopa, hushikwa mkono. Mgumu akiogopa, hunyamaza, kwa kuwa anayejulikana kuwa mwoga hakumbukwi kazi inapotokea, na watoto wanangoja karo. Yeye naye aulizwe kabla ya safari, faraghani, na akisema kweli apangiwe njia ya Marangu au ya Rongai, zisizo na ukuta huo, kwa ujira ule ule, wala jina lake lisiondolewe katika orodha ya safari itakayofuata.