Chembe Zinazoandamana, Istilahi Zinazokwama

Imani imeota mizizi miongoni mwa baadhi ya wasomi kwamba Kiswahili kinafaa ngano, ushairi na siasa, bali kikifika mlangoni pa fizikia ya chembe hakina budi kukipisha Kiingereza. Imani hiyo haina mashiko. Ithibati yake inaweza kupatikana mtaani Mowlem, katika Mashariki ya Nairobi, mahali ambapo aghalabu hakuna anayekwenda kutafuta fizikia.

Chukua maduka mawili, kila moja likiwa mwisho wake wa mtaa. Wenye maduka hawajuani, wala wateja wao hawakutani. Hata hivyo, mtu akihesabu mishumaa inayouzwa kila usiku kwa muda wa mwezi mzima, atagundua kwamba usiku ambao duka la kwanza limeuza mingi, la pili nalo limeuza mingi. Hakuna duka lililoliathiri lenzake. Stima imepotea mtaa mzima, basi. Chanzo ni kimoja. Maduka yanayopakana yana sababu nyingine ya ziada: mteja yuleyule hununua mshumaa hapa na kibiriti mlango wa pili.

Hesabu hiyo ya mishumaa ndiyo waifanyayo wanafizikia. Protoni mbili zigonganapo kwa nishati kubwa huzaa chembe mpya, pengine makumi kwa makumi, nyingine zikiruka mbele na nyingine nyuma. Katika miaka ya 1980, watafiti wa jaribio la UA5 katika maabara ya CERN, waliogonganisha protoni na antiprotoni, walibaini kwamba migongano iliyotoa chembe nyingi upande mmoja ilielekea kutoa nyingi upande wa pili pia, hata pande hizo zilipotengwa kwa pengo pana. Ujirani haukutosha kueleza jambo hilo. Maelezo yaliyopata wafuasi wengi ni kwamba vyanzo vya chembe, yaani nyuzi za nguvu zinazotanda baina ya kwaki, hubadilika idadi kutoka mgongano mmoja hadi mwingine. Vikiwa vingi, pande zote mbili hufurika. Mnamo 2015 jaribio la ALICE, kwenye mtambo wa LHC wenye mzingo wa kilomita 27, lilichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba uhusiano huo huongezeka kadiri nishati inavyopanda. Nalo jaribio la CMS lilikuwa limetangaza mwaka 2010 kwamba, katika migongano ya protoni iliyotoa chembe nyingi mno, hata chembe zilizoachana mbali kando ya mhimili huelekea kukaribiana kwa pembe za kuuzunguka. Asili ya ajabu hiyo ingali inajadiliwa.

Msomaji ataona kwamba hapo Kiswahili hakikukwama. Kinachokwama ni istilahi. "Uwiano" umekwisha kutwikwa mzigo wa hesabu za sehemu na viwango, na "uhusiano" ni neno pana mno, hata shangazi na mpwa wanao. Lifaalo zaidi ni "uandamano", kutokana na kuandamana: vitu viwili kwenda pamoja bila kimoja kukivuta kingine. Watakaocheka, kwa kuwa wanafunzi wa vyuo vikuu wanayafahamu maandamano ya aina nyingine, na wacheke. Kuhusu "wingi" wa chembe, mwanasarufi atakumbuka umoja na wingi. Heri kusema "idadi ya chembe".

TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, miongo miwili kabla ya tangazo la CMS. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ilhali kijana wa Mowlem angali anafundishwa fizikia kwa Kiingereza. Anaijua mishumaa vyema. Akifika darasani huambiwa, kwa lugha nyingine, kwamba hajui kitu. Kosa hilo si la wanafizikia peke yao. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili huandaa makongamano juu ya riwaya mwaka baada ya mwaka, na ni nadra kumwalika hata mwanafizikia mmoja.

Kutoka Bewa Kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Chiromo, wanakosoma wanasayansi, ni mwendo wa miguu. Orodha ya istilahi inaweza kuanza na mgongano, idadi na uandamano, nao wanafizikia waulizwe palipokosewa.