Kristu yupi?

Kuna neno ambalo siku hizi nalisikia hata katika vinywa vya wanakwaya: «Mimi nina Kristu wangu, namjua kwa ndani.» Neno tamu. Nani asiyetaka kumjua Kristu kwa ndani? Lakini tuulize kwanza: Kristu yupi?

Kiongozi mmoja wa kwaya alinionyesha kitabu chake, fotokopi ya Kifaransa, kurasa zimechakaa kwa kusomwa. Mwandishi ni Max Heindel, mzaliwa wa Denmark. Kwanza alikuwa pamoja na wateosofi wa Los Angeles, halafu akasikiliza mafundisho ya Rudolf Steiner huko Ujerumani. Mwaka 1909 akatoa kitabu hicho, akaanzisha ushirika wake wa Rozikrusi, yaani wa Waridi na Msalaba. Wanauita Ukristu wa siri, wa watu waliokomaa. Sisi wengine na rozari zetu tungali watoto wa darasa la kwanza!

Sisemi kwamba yote yaliyomo ni takataka. Kinamwagiza msomaji kila usiku, kabla ya kulala, aipitie siku yake kinyumenyume, tangu jioni hata asubuhi, ayajutie mabaya yake. Ni jambo jema. Lakini, ndugu zangu, sisi tunaliitaje? Kuhoji dhamiri. Mtakatifu Inyasi aliwafundisha wenzake katika karne ya 16. Basi yule ndugu akaniambia: «Mwalimu, katika Eklezya hakuna aliyenionyesha namna ya kulifanya. Nilikariri katekisimu, nikapokea komunyo, basi.» Nilinyamaza. Mimi nami kila mwaka nafundisha vivyo hivyo.

Kosa hilo ni letu. Lakini mwenye njaa asile sumu kwa sababu mama amechelewa kupika.

Kwa Heindel, Yezu na Kristu ni wawili. Yezu ni mtu aliyetakasika kwa kuzaliwa mara nyingi duniani. Kristu ni roho mkuu wa jua, wa daraja la malaika wakuu, aliyeingia katika mwili wa mtu huyo siku ya ubatizo katika Yordani. Haya, hesabu mwenyewe. Mtoto aliyelala horini si Kristu. Aliyenyonya kwa Maria si Mungu. Miaka yote ya Nazareti, mkono ulioshika randa ya Yosefu ulikuwa mkono wa mtu tu. Kitabu kina michoro ya dunia saba, na mistari, na duara. Nani amewahi kupata rafiki katika mchoro?

Na bado sijafika penye kuuma. Mtoto wa yule ndugu ana ugonjwa wa damu ambao watu wetu wanauita SS. Mifupa inamwuma hata analia usiku kucha. Kitabu kinafundisha kwamba mtu anavuna katika maisha haya aliyoyapanda katika maisha ya kwanza. Baba akayasoma, akamweleza mke wake kando ya kitanda cha hospitali, kwa nia njema kabisa, apate kutulia. Yule mama akaja kwangu.

«Mwalimu, mtoto wangu alimwua nani?»

Niambieni, hiyo ndiyo hekima ya waliokomaa? Wanafunzi walimwuliza Yezu kuhusu kipofu tangu kuzaliwa: ametenda dhambi yeye, ama wazazi wake? Yezu akakana yote mawili. Akatema mate chini, akafanya tope, akampaka macho. Nilimjibu mama vile, nikaenda naye kwa mtoto.

Roma ilikwisha kusema tarehe 18 Julai 1919 kwamba mafundisho ya wateosofi hayapatani na imani yetu, na Heindel alichota mengi katika kisima kile. Lakini ninyi mnaompigia ndugu huyu kelele uani pa kanisa, «mchawi!», «mfaramasoni!», mmemfundisha sala gani? Mmemtembelea mtoto wake mara ngapi?

Yeye hajakiacha kitabu. Kwaya bado anaiongoza. Funguo za kanisa ninazo mimi, na padri ameniruhusu: Alhamisi, baada ya mazoezi, nakaa mbele ya Sakramenti hata saa mbili usiku, kuhoji dhamiri polepole, kwa sauti, kwa yeyote anayetaka kujifunza. Nimemwambia. Alhamisi iliyopita alikuja, akaketi nyuma karibu na mlango.