UKURASA WA JAMAA: Mwanamke Chini ya Kiti

Mwezi huu tuingie pamoja katika saloni moja ya hapa Hewa Bora. Ni saloni kama yako: viti vyenye vitambaa alivyofuma mama, televisheni, picha ya ndoa, na kalandari ukutani. Niliitwa pale siku moja kwa sababu ya makambo ya jamaa. Baba wa nyumba alileta kitu kilichofunikwa na kitambaa, akakiweka katikati ya watu. Kilikuwa kiti cha mti, kifupi, chenye kufika magotini. Chini yake mwanamke aliyechongwa amepiga magoti, amekibeba kwa kichwa na kwa ncha za vidole.

Baba akasema: «Baba pasta, mufanyabiashara moja alikuja hapa, anataka kukinunua. Na feza ya shule ya batoto haiko.» Kijana wake mkubwa akamkata maneno: «Mimi ninakatala. Ile ni manga. Tuichome tu, baraka itaingia mu nyumba.» Nkambo, mama yake baba, alikaa juu ya mkeka karibu na mlango. Hakusema kitu, na hakuna aliyemwuliza.

Wote wakaniangalia mimi. Ninaungama mbele yenu: nilipotoka shule ya Biblia, ningali kijana, niliamuru watu wachome kikapu cha mzee mmoja bila kuuliza kilikuwa na nini ndani. Mpaka leo moshi ule unanirudilia. Kwa hiyo sikujibu upesi. Macho yangu yakapanda ukutani, kwenye kalandari.

Kalandari ile ilikuwa na picha ya Japani: wanawake wenye nguo ndefu za maua, nywele zimepangwa juu kwa ufundi, wanaangalia miti iliyochanua. Binti wa nyumba, mwenye miaka 14, akaona ninapoangalia. Akauliza: «Baba pasta, bale nabo ni bibi za mufalme?»

Swali zuri. Nikaanzia pale.

Katika Japani, miaka zaidi ya 250, nchi ilitawaliwa na wakuu wa askari walioitwa shogun. Walikaa katika ngome ya Edo, mji tunaouita leo Tokyo. Nyuma ya ngome ile palikuwa na sehemu ya wanawake, jina lake Ooku: mama wa shogun, mke wake, masuria, na mamia ya watumishi wa kike. Mwanaume wa kawaida hakukanyaga mle. Na mwanamke aliyeingia kutumika aliapa kwamba hatatoa nje maneno ya ndani. Kuchora na kuuza picha za maisha ya shogun kulikatazwa.

Mwaka 1868 utawala wa shogun ulianguka. Mtu mmoja jina lake Toyohara Chikanobu alipigana upande wa shogun, akashindwa pamoja na wenzake. Kisha akaishi kwa kuchora. Kati ya 1894 na 1896 alitoa picha nyingi za wale wanawake wa ngome: wanatazama maua, wanatazama mwezi, wanacheza, wanavaa. Karatasi tatu tatu ziliunganishwa kuwa picha moja. Angalieni miaka: ngome ilikuwa imenyamaza miaka 26, lakini wazee waliokumbuka mambo yake walikuwa wangali hai. Angechelewa tena miaka 30, angemwuliza nani?

Na picha zile zilifanywa namna gani? Kwa mbao! Mchoraji alichora kwenye karatasi nyembamba. Fundi wa pili aliibandika juu ya ubao wa mti wa cheri, akachonga akifuata mistari. Fundi wa tatu akapaka rangi, akalaza karatasi, akasugua. Kila rangi ilitaka ubao wake. Ubao mmoja ulizaa karatasi mamia, hata maelfu, na mtu wa kawaida aliweza kununua moja.

Yule binti akasema: «Kumbe nabo balichonga mwanamke mu muti.» Ndiyo, mwanangu. Lakini kwao mwanamke alitoka katika mti akaenda kwenye karatasi. Kwetu alibaki ndani ya mti. Wa kwao ukimpoteza, kuna mwenzake kwingine. Huyu wetu ukimchoma, umemaliza.

Sasa sikieni habari za kiti. Waluba wanakiita kipona. Nchi yao ya zamani iko kaskazini ya hapa, penye maziwa ya Upemba na Kisale, upande wa Malemba-Nkulu, Bukama na Kamina. Hadithi ya ufalme wao yenyewe inapitia kwa wanawake. Nkongolo alikuwa mfalme mkali. Mbidi Kiluwe, mwindaji, alifika kutoka mashariki, akaoa dada za Nkongolo. Mmoja wao, Bulanda, akamzaa Kalala Ilunga, na yeye ndiye aliyemshinda mjomba wake na kuweka ufalme mpya. Bila Bulanda hakuna Kalala.

Mfalme alipotawazwa alikaa juu ya kipona. Siku nyingine kiti hakikuonekana: kilifungwa katika kitambaa cheupe, kikalindwa na mtu aliyewekwa kwa kazi ile, katika kijiji kingine. Na mwanamke wa chini ya kiti hakuwa mtumwa anayeteswa. Mtazameni uso: ametulia. Chale za tumboni na nywele zilizosukwa zinaonyesha kwamba ni mtu mwenye heshima. Sanamu nyingine za Waluba zinashika maziwa kwa mikono miwili, na wazee walieleza maana yake: siri za ufalme zinalindwa na wanawake, ndani ya kifua.

Na haikuwa mfano tu. Mfalme aliwatuma dada na binti zake waolewe na wakubwa wa mbali, wafunge nchi kwa ukoo. Mfalme alipokufa, walisema roho yake inaingia katika mwanamke, aliyeitwa mwadi. Mwanamke yule alikaa katika mji wa marehemu, akatunza vitu vyake vya utawala, na mfalme mpya alimpelekea zawadi. Sisi waaminifu hatufundishi kwamba roho za wafu zinarudi kukaa ndani ya watu, na sitabadili neno hilo kwa ajili ya kiti. Lakini tusikie walichokuwa wanasema juu ya mwanamke: kwamba ukumbusho wa nchi unahitaji mtu mwenye nguvu ya kuubeba, na mtu huyo ni mama.

Hapo kijana akauliza: «Sasa bamisionere balikatala hivi vitu, ao hapana?» Walikataa mengi, ni kweli. Lakini wengi wenu mmesikia jina la Bwana William Burton, aliyefika Mwanza katika nchi ya Waluba mwaka 1915. Alihubiri kwa nguvu juu ya manga. Ni yeye pia aliyewauliza wazee, akapiga picha, akaandika, na kitabu chake juu ya desturi za Waluba kilitoka mwaka 1961. Alikataa mambo, lakini kwanza aliuliza. Mimi na kikapu changu sikufika hata pale.

Kisha nikamgeukia baba. Nikamwambia: yule mfanyabiashara anajua anachotaka. Kiti kimoja cha fundi wa upande wa Buli, kule Tanganyika, kiko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, tangu 1979. Kingine kiko London. Jina la jamaa iliyokikalia halimo. Tena iko sheria ya inchi, ya mwaka 1971, yenye kukataza kutoa vitu vya namna hii nje bila ruhusa. Ukiuza leo kwa bei ya unga, kesho unaweza kuitwa.

Mwisho nikafanya neno ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nikapiga magoti karibu na mkeka, nikasema: «Nkambo, na wewe?»

Alinyamaza sana. Kisha akasema: «Ule mwanamuke haiko manga. Baba yangu alikikalia siku balimuweka mukubwa wa mugini. Mama njo alikuwa anakifunga mu kitambaa. Aliniambia majina ya bale bote balikikalia. Munataka niyaseme?» Akaweka mkono juu ya tumbo lake. «Na zile chale, hata mimi niko nazo.»

Yule binti alikuwa amekwisha kuleta daftari. Nkambo akataja majina saba, polepole. Baba alikuwa anayajua mawili tu. Kijana aliyetaka kuchoma akakaa chini, akasikiliza mpaka giza.

Sitawadanganya kwamba feza ilianguka kutoka mbinguni. Wajomba walichanga kidogo. Sehemu kubwa ilitoka kwa mama wa nyumba, aliyeongeza meza ya unga sokoni na kuamka saa kumi za usiku. Binti yuko darasani. Kiti kiko ndani ya kitambaa. Lakini angalieni, ni nani aliyebeba tena?

Ninyi akina baba, mkikaa jioni kwenye kiti chenu, jiulizeni mmekaa juu ya mabega ya nani, na kama mmemshukuru. Esta naye alikuwa mwanamke wa nyumba ya mfalme. Wengi waliangalia uzuri wake tu, lakini siku ya hatari ni yeye aliyefungua kinywa, na taifa likaishi. Ninyi vijana, moto ni rahisi, na kuuza ni rahisi. Kazi yenu mwezi huu ni moja: twaeni daftari na bic, mwende kwa nkambo wenu, mwulize majina. Mulize sasa, angali kwenye mkeka.