"NI PUA TU"



Mpakia miwa wa Awendo akipigwa na mnyororo wa trekta, au fundi wa Homa Bay akiangukiwa na ubao, husema, "Ni pua tu," akarudi kazini. Hatukubali.

Damu ikitoka, inama mbele, ubane sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15, usiinue kichwa. Kisha nenda hospitali ya rufaa, Migori au Homa Bay, siku ile ile. Mwombe daktari amulike matundu yote mawili. Damu ikikusanyika kwenye ukuta wa kati yapasa itolewe upesi, la sivyo ukuta huoza na pua hubonyea maisha. Maji maangavu yakichuruzika, mwambie. Huenda yatoka penye ubongo. Eksirei ya pua mara nyingi haina haja, basi msigombane na wauguzi. Uvimbe ukishuka, baada ya siku 3 hadi 5, rudi: mfupa hunyoshwa kabla ya wiki 2 kupita.

Na waajiri je? Sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeruhi kazini yamtaka mwajiri aripoti ajali katika siku 7 baada ya kuarifiwa, na alipe matibabu. Mwarifuni mara moja, mbele ya shahidi, na nakala ya cheti cha daktari ifike kwa katibu wa tawi.