Elektrodi: kazi yenye faida inayofanyika mbali na Manono

Katika kartie ya Katanika, hapa Kalemie, bateri iko karibu kila nyumba: ndani ya simu, ndani ya taa ya sola. Kobalti ya bateri hizo, mara nyingi, imetoka Kolwezi. Litiamu nayo iko kwetu, Manono, ndani ya jimbo la Tanganyika. Ila jiwe si bateri.

Kazi ngumu iko kwenye elektrodi. Unga wa madini unachanganywa na kaboni na gundi mpaka unakuwa sawa uji, kisha unapakwa juu ya karatasi nyembamba ya chuma, unakaushwa, unakandamizwa. Uji ukiwa na mabonge, ao ukipakwa kinene hapa na chembamba pale, umeme haupiti vizuri na bateri inachoka mbio. Ni vilevile kwa mashine mpya zinazotoa umeme katika gazi bila kuwasha moto. Zinafanya kazi kwa joto la kupita digri 600, na elektrodi yake lazima iwe na vitundu vidogo sana ili gazi ipite. Kwa hiyo anayejua kupaka anakula kuliko anayechimba.

Tarehe 29/4/2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza bateri pamoja. Mwaka uleule Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilifungua kituo cha utafiti wa bateri. Mbele ya hapo, 2021, BloombergNEF ilihesabu kwamba kiwanda cha tani 10.000 za unga wa elektrodi hapa Kongo kingegharimu dola milioni 39, karibu mara tatu chini ya Marekani.

Kwenye karatasi, ni bei rahisi. Lakini kuchoma unga huo kunataka umeme wa saa nyingi bila kukatika, na barage ya Piana-Mwanga, ya wakati wa Wabelgiji, iliharibika miaka ya vita. Bila barage, Manono itauza udongo tu. Mabishano ya AVZ na Zijin ni juu ya nani mwenye kibali. Unga utatengenezwa wapi? Hilo halisikiki sana.

Kodi kwa madini inayouzwa, sheria ya 2018 inapatia jimbo asilimia 25. Franga hiyo inapita Kalemie, kwa hiyo mkaaji wa Katanika ana haki ya kuuliza bajeti ya jimbo iliweka ngapi kwa vijana wanaosoma kemia na umeme.