UCHAMBUZI: Dawa ya shambani inapoipokonya makali dawa ya hospitalini

MKULIMA anaponyunyizia ngano yake dawa ya kuua kuvu, nia yake ni kuokoa mazao. Hata hivyo, utafiti wa jeni umebainisha kwamba kitendo hicho halali chaweza kumponza mgonjwa ambaye hajawahi kulikanyaga shamba hilo.

Kiini cha tatizo ni kemikali za jamii ya azoli. Shambani hutumiwa kukabili magonjwa kama kutu ya ngano. Hospitalini, dawa za jamii iyo hiyo ndizo tegemeo la madaktari dhidi ya Aspergillus fumigatus, kuvu anayestawi kwenye mboji na udongo. Vijimbegu vyake huelea hewani na huweza kushambulia mapafu ya watu waliodhoofika kinga.

Mwaka 2022, watafiti wakiongozwa na Chuo cha Imperial, London, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa jeni za sampuli 218 kutoka Uingereza na Ireland. Baadhi ya kuvu sugu waliotolewa kwa wagonjwa walikaribia kufanana kijeni na waliopatikana katika mazingira. Maana yake ni kwamba wapo wagonjwa wanaovuta pumzi kuvu ambao tayari ni sugu, hata kabla ya kumeza tembe ya kwanza.

Tusidhani hayo ni ya Ulaya pekee. Mwaka 2014, wanasayansi waliripoti kuvu sugu wa aina hiyo katika mazingira ya Tanzania, wakiwa na mabadiliko yale yale ya jeni yaliyokwisha kuonekana Uholanzi.

La kusikitisha ni kuwa kosa linaelekea kurudiwa. Dawa mpya ya binadamu, olorofim, ilipokuwa ingali katika majaribio, Marekani iliidhinisha mwaka 2022 dawa ya mimea, ipflufenoquin, inayolenga kimeng'enya kile kile cha kuvu.

Kupiga marufuku azoli si jawabu, kwani kutu ingewafilisi wakulima wa ngano. Lakini nchini Kenya, dawa za mimea husajiliwa na bodi moja, na za binadamu na nyingine. Bodi hizo mbili zapaswa kuketi pamoja kabla ya dawa yoyote mpya ya kuvu kuruhusiwa shambani, na kuuliza swali moja: je, itaathiri dawa ipi ya hospitalini? Kuvu hajui mpaka kati ya wizara ya kilimo na ya afya.